Oniọvo si kaka wala si dada: maneno ya undugu katika Kiurhobo na kazi ya mfasiri wa Kiswahili

Ndugu wafasiri, walimu wa lugha, nanyi vijana mnaotia sauti na manukuu ya Kiswahili katika filamu za Nigeria, nawashukuru kwa kuja.

Nianze na maneno mawili tu ya Kiurhobo: oniọvo mẹ. Mtu wa Ughelli, mji wa Waurhobo huko Nigeria, akikuambia hivyo huku akikuonyesha mtu aliyesimama mbali, amewapa mgongo, umejua nini? Umejua kwamba hao wawili ni ndugu. Hujajua kama yule ni mwanamume au mwanamke. Hujajua nani kamtangulia mwenzake kuzaliwa. Hujajua hata kama wamezaliwa na mama mmoja, kwa sababu neno hilo leo huwabeba pia watoto wa baba mmoja, na katika mazungumzo ya kawaida hufika mpaka kwa watoto wa ndugu za wazazi na kwa mtu wa ukoo uleule. Msemaji hajakuficha kitu. Amesema alichotaka kusema, na lugha yake haikumlazimisha kuongeza.

Sasa chukueni sentensi hiyo muipitishe kwa Kiingereza kabla ya kuileta kwetu. Kiingereza cha kila siku kitadai kujua: wa kiume au wa kike? Mfasiri wa kwanza, akiwa na haraka, ataandika la kiume. Mfasiri wa pili, yaani sisi, ataandika “kaka yangu”. Na kwa kuwa kaka katika masikio ya wengi ni yule mkubwa, tumeshaongeza mambo mawili ambayo mtu wa Ughelli hakuyatamka: jinsia na ukubwa. Ilhali Kiswahili kilikuwa na neno lake tayari, limekaa mlangoni linasubiri. Ndugu. Oniọvo mẹ, ndugu yangu. Wingi wake iniọvo mẹ, ndugu zangu. Basi.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na mengine yote ni njia ya kulifanyia kazi: maneno ya undugu ya Kiurhobo yafasiriwe kwa kufuata mnyororo wa watu, yaani fulani wa fulani wa fulani, si kwa kutafuta neno la Kiingereza lililo katikati. Lugha hizi mbili zinapatana kwa mengi kuliko zinavyopatana na huyo mpatanishi wao.

Tuwaweke Waurhobo mahali pao kwanza. Wako kusini mwa Nigeria, katika delta ya mto Niger, ndani ya jimbo la Delta lililoundwa mwaka 1991, mji wake mkuu ukiwa Asaba. Miji mtakayoikuta katika hadithi na filamu zao ni Ughelli, Abraka, Effurun, Sapele na Warri. Kiurhobo kimo katika kundi la lugha za Kiedoidi, pamoja na Kiedo cha Benin, Kiisoko, Kiokpe na Kiuvwie. Itsekiri ni majirani wao wa Warri, lakini lugha yao iko karibu na Kiyoruba. Waijo nao ni kundi jingine kabisa. Nayasema haya kwa sababu mwandishi wa filamu iliyopigwa Warri anaweza kuchanganya wahusika wa makabila matatu katika nyumba moja, na neno la undugu la mmoja si la mwingine. Baba kwa Kiurhobo ni ọsẹ, na Kiisoko husema hivyohivyo. Kwa Kiedo ni erha. Mama kwa Kiurhobo ni oni, kwa Kiedo iye. Mkisikia iye katika nyumba mnayodhani ni ya Waurhobo, ulizeni huyo mama ametoka wapi kabla ya kuandika chochote. Lahaja inayochukuliwa kuwa kipimo cha uandishi ni ile ya Agbarho, na chama kikongwe cha kabila hilo, Urhobo Progress Union, kilianzishwa mwaka 1931.

Kabla ya maana, maandishi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kujua. Kiurhobo kina irabu saba: i, e, ẹ, a, ọ, o, u. Sisi tuna tano. Nukta ya chini ya ẹ na ọ si pambo. Ni irabu nyingine, inayotamkwa kinywa kikiwa wazi zaidi. Oni haina nukta. Ọmọ, mtoto, ina mbili. Oniọvo inaanza na o isiyo na nukta kisha katikati inakuja ọ yenye nukta. Watu wengi, wakiwemo wenyewe wa Delta wanapoandikiana kwa simu, huacha nukta zote na kuandika ose, omo, oniovo. Mtu akiandikiana na shangazi yake hana neno, muktadha unamtosha. Katika faharasa au kamusi ni balaa.

Kwenye kompyuta kuna mtego wa pili. Herufi ẹ inaweza kuandikwa kwa alama moja kamili, ambayo katika Yunikodi ni U+1EB9, au kwa alama mbili: e ya kawaida ikifuatwa na nukta ya chini inayojiambatisha, U+0323. Na ọ vilevile: U+1ECD peke yake, au o na U+0323. Kwa jicho hazina tofauti. Kwa mashine inayotafuta neno, ni maneno mawili tofauti. Ukiwa na wafasiri wawili, mmoja anatumia kibodi ya simu na mwingine anabandika kutoka mahali pengine, utatafuta ọmọ katika faili lenu upate nusu ya mahali lilipo. Dawa yake ni kukubaliana mwanzoni kwamba mtatumia umbo la alama moja, na kulipitisha faili zima katika programu ya kusawazisha Yunikodi kwa kanuni iitwayo NFC kabla ya kuanza kuhesabu au kupanga. Fanyeni hivyo kila faili jipya linapoingia, si siku ya mwisho.

Toni pia ipo, ya juu na ya chini, na kwa kawaida haiandikwi. Kwa hiyo msiamini orodha ya maandishi peke yake. Rekodini sauti: faili la WAV lisilobanwa, kilohezi 44.1 au 48, kila neno litamkwe mara tatu peke yake na mara moja ndani ya sentensi. Neno likitamkwa peke yake hubeba toni ambayo linaweza kuiacha likiingia kwenye mnyororo, na mnyororo ndio tutakaoshughulika nao.

Haya, maneno yenyewe. Ajabu ya Kiurhobo ni uchache wa mizizi. Ọsẹ, baba. Oni, mama. Ọmọ, mtoto. Ọshare, mwanamume, na likimilikiwa huwa mume. Aye, mwanamke, na aye mẹ ni mke wangu. Ọmọtẹ, msichana. Oniọvo, ndugu. Ọgọ, mkwe. Ọkpako, mzee au aliyetangulia kwa umri. Ukiyashika haya, umeshika sehemu kubwa ya jengo.

Wingi hufanywa kwa kubadili mwanzo wa neno, na hapa mzungumzaji wa Kiswahili anajisikia nyumbani. Ohwo ni mtu, ihwo ni watu. Ọmọ ni mtoto, emọ ni watoto. Ọshare hugeuka eshare. Ọkpako hugeuka ekpako. Aye hugeuka eya, hilo likaririwe maana linabadilika mbele na nyuma. Oni hugeuka ini, na ndiyo maana oniọvo hugeuka iniọvo: linalobadilika ni lile “mama” la mwanzoni. Hakuna bahati nasibu hapa. Kiurhobo na Kiswahili vimo katika familia moja kubwa ya Niger-Kongo, na hiyo irabu ya mwanzo ni mabaki ya ngeli, kama m- na wa- zetu.

Neno oniọvo lina kisa ndani yake. Oni ni mama, ọvo ni moja. Mama mmoja. Katika nyumba ya wake wengi, ambako watoto wote ni wa baba yuleyule, kinachowatenganisha watoto ni mama, na neno lilizaliwa hapo. Pijini ya Warri, lugha ya mchanganyiko yenye maneno mengi ya Kiingereza, ambayo kwa watu wengi wa mji ule ndiyo lugha ya kwanza, ina usemi wake wa “same papa, same mama”, baba mmoja na mama mmoja, pale mtu anapotaka kukata shaka. Sisi tunasema ndugu wa tumbo moja.

Lakini angalieni msije mkanaswa na asili ya neno. Mwanafunzi akishajua kwamba oniọvo ni “mama mmoja”, hushawishika kuandika “ndugu wa tumbo moja” kila mahali. Ni kosa. Jiulizeni kuhusu neno letu binamu: asili yake ni Kiarabu, mwana wa ami, yaani mtoto wa kiume wa ndugu wa kiume wa baba. Nani leo analitumia kwa maana hiyo tu? Mtoto wa mjomba ni binamu, mtoto wa shangazi ni binamu, wa kike naye ni binamu. Oniọvo nalo limesafiri hivyohivyo. “Tumbo moja” iandikwe pale tu msemaji anapotofautisha waziwazi, mathalani anapowatenga iniọvo wake na mtu mwingine anayemtaja kuwa ni ọmọ rẹ ọsẹ mẹ, mtoto wa baba yangu. Pale tofauti ni hoja, na msomaji wa Kiswahili lazima aione: “Hawa ni ndugu zangu wa tumbo moja, yule ni wa baba.” Mgogoro wa urithi katika filamu nzima unaweza kukaa juu ya sentensi hiyo.

Nimetaja rẹ. Ndiyo gundi ya mfumo mzima, na inafanya kazi ya -a unganifu yetu. Ọmọ rẹ oniọvo mẹ: ọmọ, mtoto, rẹ, wa, oniọvo, ndugu, mẹ, yangu. Mtoto wa ndugu yangu. Mpangilio ni ule ule, neno kwa neno, kutoka kushoto kwenda kulia. Anayepitia Kiingereza hulazimika kuugeuza mnyororo kichwa chini, kisha kuugeuza tena arudi kwetu, na katika kugeuza mara mbili ndipo baba wa mama anapogeuka mama wa baba. Andikeni moja kwa moja na kosa hilo linatoweka lenyewe.

Katika usemi, rẹ huwa haisikiki nzima. Takriban nomino zote za Kiurhobo huanza na irabu, na irabu ya rẹ humezwa na hiyo inayofuata. Ọmọ rẹ ọmọ, mtoto wa mtoto, husikika ọmọ rọmọ. Anayeandika kwa kusikiliza huweza kudhani amepata neno jipya la mjukuu. Hajapata. Amepata mnyororo uliobanwa. Kanuni yangu ni hii: ukikuta r inayofuatwa na irabu katikati ya unachodhani ni neno moja la undugu, jaribu kwanza kuirudishia ẹ yake uone kama linavunjika kuwa watu wawili.

Kiswahili ni tajiri wa majina mafupi kwa jamaa wa kizazi cha wazazi, na utajiri huo ndio unaotutia taabuni. Kiurhobo kikisema oniọvo rẹ ọsẹ mẹ, ndugu wa baba yangu, mbele yetu kuna milango mitatu: baba mkubwa, baba mdogo, shangazi. Pwani watasema ami au amu kwa wale wawili wa kwanza. Kikisema oniọvo rẹ oni mẹ, ndugu wa mama yangu, kuna mitatu mingine: mjomba, mama mkubwa, mama mdogo, na pwani halati kwa hao wawili wa mwisho. Minyororo miwili ya Kiurhobo, majina sita ya Kiswahili bara. Na ukiongeza ọmọ mbele, ọmọ rẹ oniọvo rẹ ọsẹ mẹ, unapata mtoto wa baba mkubwa au wa baba mdogo, ambaye kwa wengi wetu ni ndugu tu, au mtoto wa shangazi, ambaye ni binamu. Hapa jambo moja lisilojulikana, jinsia ya mtu wa kati, hubadilisha hata jina la mtoto wake.

Mnachaguaje? Kwa kutafuta ushahidi wa mambo mawili: jinsia ya huyo ndugu, na kama ni mkubwa au mdogo kwa mzazi. Tafuteni katika maandishi yenyewe au katika picha. Ametajwa kuwa ọshare au aye mahali pengine? Ana aye wake, yaani ana mke? Ameitwa ọkpako wa nyumba? Katika filamu mnamwona kwa macho, kwa hiyo jinsia imeshapatikana. Umri ndio unabaki, na mara nyingi jinsi anavyosalimiwa inautoa. Ushahidi ukikosekana, andikeni mnyororo: “ndugu wa baba yangu”. Ni Kiswahili safi, hakuna mzee atakayekunja uso. Msibahatishe mjomba kwa kuwa tu kinasikika kizuri. Mjomba wa kweli ni ndugu wa kiume wa mama. Kumwita hivyo ndugu wa baba, katika jamii inayohesabu ukoo kwa upande wa baba kama Waurhobo, ni kumtoa mtu katika ukoo na kumweka ujombani. Mtazamaji makini wa Kiswahili atashangaa kwa nini mjomba ndiye anayegawa ardhi ya baba.

Na hapa Kiswahili kina zawadi ambayo wafasiri wengi hawaitumii. Nafsi ya tatu ya Kiurhobo, ọ, haina jinsia. Yetu ya a- pia haina. Ọ na a- zinaweza kwenda sambamba kurasa mia na mtu asijue kama anayesimuliwa ni mwanamume au mwanamke, kama mwandishi alitaka hivyo. Kwa hiyo hoja ya kwamba “lazima nichague, nisipochagua sentensi inayofuata itaniumbua” haina mashiko kwetu. Imeazimwa kwa watu wa lugha nyingine.

Kuhusu kuitana. Jina la kumtaja mtu na jina la kumwita ni vitu viwili, na orodha nyingi zinavichanganya. Mzee haitwi kwa jina lake tupu na mtu mdogo. Kijana wa Kiurhobo anapomwamkia mkubwa husema Migwọ, ambayo kwa maandishi ya kawaida mtaikuta kama Migwo, maana yake napiga magoti, na mara nyingi kweli hushusha goti. Mkubwa hujibu Vrẹndo. Ndugu zangu, tunayo shikamoo na tunayo marahaba. Sioni sababu ya kuandika “habari za asubuhi, baba” pale. Migwo iwe shikamoo, Vrẹndo iwe marahaba, na heshima yote ya tendo lile inavuka salama.

Shida iko kwenye Kiingereza na Pijini za Nigeria, ambako kijana humwita mtu mzima yeyote “Uncle” au “Aunty”, na humwita aliyemzidi miaka michache “Broda” au “Sista”. Hayo si maneno ya undugu, ni ya adabu. Anayeyafasiri kwa mjomba na shangazi anamzulia mhusika jamaa asio nao. Mtu mzima asiye ndugu aitwe “mzee”, “baba” au “mama” kwa umri wake. Aliyezidi kidogo ndiye anayestahili “kaka” au “dada”, kwa kuwa hapo ukubwa wa umri ndio unaosemwa. Kabla ya kuandika, angalieni kama kuna mtu mwingine katika filamu anayemwita huyohuyo kwa neno la Kiurhobo. Akisema ọsẹ, mambo ni mengine.

Upande wa ndoa, Kiurhobo hutumia ọgọ kwa upana. Sisi tuna mkwe, bavyaa (baba mkwe), mavyaa (mama mkwe), mkaza mwana, shemeji, wifi, na huko nyuma mwamu na mlamu. Kanuni ya kuchagua ni fupi. Vizazi viwili tofauti: mkwe inatosha pande zote, na bavyaa na mavyaa ziachiwe matini yenye ladha ya zamani. Kizazi kimoja: wakiwa wanawake wote wawili, dada wa mume na mke wa kaka, ni wifi, wengine shemeji. Ọgọ ikitajwa kwa wingi, kama msibani ambako wakwe huja kwa kundi na vitu vyao, andikeni wakwe, msihangaike kumtenga mmoja mmoja. Wageni hao wakipokelewa kwa kokwa za kola, kinywaji na pesa inayowekwa pamoja nayo, tafadhali msiifasiri pesa ile kuwa mahari wala rushwa. Ni sehemu ya mapokezi.

Makundi yana majina yake pia. Ekru ni jamaa, orua ni ukoo mpana wenye mzee wake, ọkpako wa orua, ambaye umri ndio unaompa kiti hicho. Mpwani anaweza kushawishika kutumia “mlango” kwa orua. Mimi naona ukoo unatosha, kwa sababu mlango kwetu hubeba historia ya miji ya mwambao ambayo haiko Agbarho. Na waliokufa hawatoki kwenye orodha. Mababu wa kiume waliotangulia huitwa Esemo, mabibi waliotangulia Iniemo. Vunjeni maneno hayo kwa mlichojifunza leo: wingi wa ọsẹ na wa oni, kisha emọ. Baba za watoto, mama za watoto. “Wahenga” inafaa kwa yote mawili ikiwa jinsia si muhimu. Ikiwa madhabahu ya hawa imetengwa na ya wale, andikeni mababu na mabibi waliotangulia. Neno mizimu mlitumie kwa tahadhari, kwa kuwa kwa wasomaji wengi wa leo linatia hofu ambayo haimo katika Esemo.

Mtaiona pia mizizi hii ndani ya majina ya watu. Omonigho ni mojawapo: ọmọ, mtoto, na igho, pesa, yaani mtoto ni zaidi ya pesa. Jina la mtu halifasiriwi katika manukuu, ila mhusika akilichezea jina hilo katika mazungumzo mjue anacheza na nini.

Sasa karatasi mlizonazo mkononi. Zimepangwa kwa ajili ya kukusanya maneno haya kwa msemaji mwenyewe, na njia ni ile ya nasaba ambayo mwanaanthropolojia Mwingereza W. H. R. Rivers aliijenga mwishoni mwa karne ya 19: huulizi neno, unauliza mtu. Chora pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama ya sawasawa kwa ndoa, mstari wa juu unaounganisha ndugu, na mkato wa mshazari juu ya aliyefariki. Panda vizazi viwili, shuka viwili. Wape watu namba, si majina, ili karatasi isigeuke siri ya familia ya mtu mikononi mwa wageni.

Kwa minyororo nimewawekea herufi za Kiswahili badala ya zile za Kiingereza: B baba, M mama, T mtoto, N ndugu, K mke, U mume. Mkubwa atiwe alama ya kujumlisha, mdogo ya kutoa. NB ni ndugu wa baba. TNM ni mtoto wa ndugu wa mama. Zinasomeka kushoto kwenda kulia kama Kiurhobo chenyewe, na ndiyo sababu nimeziacha za Kiingereza.

Kila mtu mchoroni ana maswali sita. Ukimzungumzia kwa mwingine unamtajaje? Ukimwita ana kwa ana unasemaje? Yeye anakuitaje? Wakiwa wengi wanaitwaje? Angekuwa mdogo kwako badala ya mkubwa, jina lingebadilika? Na kama wewe ungekuwa wa jinsia nyingine? Swali hili la mwisho msimwulize mtu afikirie tu. Tafuteni msemaji mwanamke na msemaji mwanamume, kila mmoja ajibu kwa familia yake. Ikiwezekana watoke miji miwili, mmoja Agbarho na mwingine mbali nayo.

Yanayoharibika nayajua kwa mpangilio wake. La kwanza na kubwa ni kuuliza “uncle mnasemaje kwa Kiurhobo?” Msemaji mwema, asiyetaka kukuangusha, atakutungia mnyororo wa kufasiri Kiingereza chako, nawe utauandika kama neno la asili. Muulize badala yake: “Huyu namba 7, ndugu wa baba yako, jana ulipomtaja kwa mkeo ulisemaje?” La pili ni kumhoji kijana mbele ya wazee wake, atataja majina ya heshima tu, na ya kutajana hutayapata. La tatu ni kuuliza jamaa ambaye mtu huyo hana. Asiye na ndugu wa mama atakupa jibu la kubuni kwa uungwana, na jibu hilo lina sura sawa na la kweli. Acheni kisanduku hicho kitupu na mwandike “hana”.

Mwisho, manukuu ya filamu. Mstari mmoja hubeba takriban herufi 42 kwa viwango vingi, na “mtoto wa ndugu wa baba yangu” unameza 28 kabla mtu hajafanya lolote. Kwa hiyo mnyororo mrefu uandikwe mara moja tu, mhusika anapotambulishwa, katika mstari wake peke yake. Baada ya hapo tumieni jina lake au “ndugu”, hata kama Kiurhobo kinarudia mnyororo mzima. Mkishaamua, liingizeni katika jedwali la pamoja: namba ya mhusika, mnyororo kwa herufi zetu, neno la Kiurhobo lenye nukta zake, neno la Kiswahili lililochaguliwa, na dakika ya filamu ulikopatikana ushahidi wa jinsia au wa umri. Safu hiyo ya dakika ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi, na ndiyo itakayowaokoa pale msanii wa sauti atakapobisha katikati ya kurekodi kwamba huyu ni shangazi, si mama mdogo.

Gawanyikeni wawili wawili, mmoja awe msemaji. Tuanze na NM, pande zote mbili za jinsia, na mkubwa kabla ya mdogo.